Tanuri la Diwani Lisilo na Moshi

Diwani Mbwera alibomoa tanuri la uchochoroni ambamo wanawake wa mtaa walioka mikate ya mofa, akasema linachafua mji. Kesho yake tu, matofali yaleyale yalikuwa yamerundikwa uani kwake, nyuma ya ukuta wa uchochoro huohuo. Akamwita Fundi Mize, mwashi wa kike asiyebabaishwa na cheo.

"Nijengee tanuri. Kitako kiwe imara, lakini sitaki moshi uani kwangu."

"Na majivu, Mheshimiwa?"

"Nisiyaone."

"Kuni je?"

"Zisipite getini. Fundi, mimi nataka raha, sitaki karaha."

"Basi nitaliegemeza kwenye ukuta. Ila likae siku saba chini ya magunia yaliyoloweshwa, na mwenyewe asilifunue. Tanuri bichi likichunguliwa hupasuka."

Diwani akaapa. Siku ya saba aliwaalika wakubwa wenzake, akafunua magunia kwa mbwembwe. Kitako kilikuwa kimenyooka, kuba limependeza, wageni wakapiga makofi. Akalipapasa kulia, akalipapasa kushoto.

"Fundi! Mbona halina mdomo?"

Vigelegele vikalipuka nyuma ya ukuta, na harufu ya mofa ikajaa uani.

"Linao, Mheshimiwa," alijibu Mize akifuta mwiko wake. "Nilitoboa ukuta. Mdomo uko uchochoroni, pamoja na moshi, majivu na kuni. Kwako nimekuachia raha tupu."

Wageni wakatoka getini mmoja mmoja, wakifuata harufu. Diwani akachelewa kidogo kwa hasira, akawa wa mwisho kwenye foleni.