Nani Alimvua Sangara wa Mwambani?

Kaeni vizuri, na mwenye usingizi akanawe uso, maana leo hadithi ni yangu lakini hukumu ni yenu.

Walikuwepo watu watatu, na kila mmoja alijua jambo moja kuliko wenzake wote wa ng'ambo ile ya ziwa.

Mafuru alijua kuchonga samaki wa uongo. Mpe soli ya kandambili na karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, atakutolea chambo ambacho hata wewe ungekipeleka nyumbani kikakaangwe.

Kaitira alijua kuvuta. Alikuwa na mshipi mrefu wa kuvulia alioachiwa na marehemu baba yake, na mikono iliyojua lini ikaze na lini ilegeze.

Na Nyangeta, mama wa makamo, fundi wa nyavu, alijua nailoni. Aliipitisha mdomoni, akaing'ata kidogo, akakwambia itabeba ratili ngapi kabla haijakatika. Hakuwa akikosea, na alijua kwamba hakosei, jambo lililowaudhi wengi.

Watatu hawa walipelekwa kwenye kisiwa kidogo cha mawe kutengeneza nyavu kwa siku tatu. Mtumbwi uliowaleta ulirudi kuchukua unga, na nyuma yake yakaja magugumaji. Yalikizunguka kisiwa pande zote, mazito kiasi kwamba kasia halipiti wala mtu haogelei. Siku tatu zikawa ishirini na sita. Wakala dagaa wakavu, wakatazamana, wakachokana. Mafuru alikuwa ameacha mapacha wachanga nyumbani. Kaitira alikuwa amemwacha mama yake mgonjwa kitandani. Nyangeta alikuwa amemwacha bintiye wa pekee, Nyabise, na mimba ya kwanza ya miezi minane. Kila asubuhi alihesabu siku kwa vidole, na kila asubuhi hesabu ilimtisha zaidi. Kisiwa kizima kilikuwa hatua mia mbili. Alikuwa amezitembea zote mpaka akazichukia.

Siku ya ishirini na saba upepo ulipasua njia nyembamba kwenye majani, na mtumbwi wa injini ukaingia, umejaa mabati mpaka karibu na ukingo. Majani yalikuwa yamejisokota kwenye pangaboi la injini. Nahodha, Biseko jina lake, akafunga kamba kwenye jiwe, akatoa kisu na kuanza kuyakata.

"Jamani, tuchukue!" alilia Kaitira.

"Mtu mmoja," alisema Biseko. "Zaidi ya hapo tutakunywa ziwa. Na huyo mmoja aje na samaki wa maana, kesho napokea wakwe na sina kitoweo."

"Mmoja nani sasa?" aliuliza Nyangeta.

"Aliyemvua, mama. Ugomvi wenu siujui. Nikimaliza majani haya naondoka, na njia hii ikijifunga, Mungu ndiye ajuaye itafunguka lini."

Samaki alikuwepo. Chini ya mwamba, kwenye pango la maji, aliishi sangara mkubwa waliyemwona kila siku. Walikuwa wamemrushia dagaa wakavu, akawadharau. Basi Mafuru akaleta samaki wake wa kandambili, Kaitira akaleta mshipi wake wa ratili themanini. Kilichobaki ni kile kipande cha nailoni cha mwishoni, kinachoshika chambo na kupambana na meno na mawe. Kwenye kopo lake Nyangeta alikuwa na vipande vitatu: cha ratili mia, cha thelathini, na cha sitini.

"Mama Nyabise, funga chembamba," alisema Kaitira. "Kitakachokatika kiwe hicho. Mshipi wa baba ubaki."

"Na chambo changu je?" alifoka Mafuru. "Kandambili ya pili ndiyo hii nimeivaa! Funga kinene."

Nyangeta alibanwa katikati. Akimridhisha huyu atamkosea yule, na akikosea kabisa, Nyabise atajifungua bila mama.

Alianza na kile cha ratili mia. Chambo kikatembea kigumu kama mgonjwa, sangara akakifuata, akautazama ule uzi mnene, akageuka. Akafunga cha thelathini. Chambo kikacheza vizuri, sangara akakigonga lakini hakunasa. Nyangeta akapitisha uzi mdomoni: ulikuwa umekwaruzwa na mwamba kwa mgongano mmoja tu.

"Huu ungetuaibisha," alisema.

Akachukua cha sitini, hafifu kuliko mshipi wa Kaitira, imara kuliko wasiwasi wa Mafuru. Akakiacha kirefu, pima nzima, ili mwamba ukisugua usugue hicho. Akalowesha fundo kwa mate na kulikaza.

Chambo kilipozama, sangara hakufikiri mara mbili. Alikimeza chote, akakimbilia pangoni. Kaitira akalegeza, akavuta, akalegeza, damu ikamtoka viganjani. Mwamba ulisugua nailoni mpaka Kaitira akausikia mkwaruzo kwenye mshipi. Kabla jua halijasogea, samaki yule mrefu kama mtoto wa miaka kumi alikuwa juu ya jiwe. Biseko akamwinua kwa uzi amwone vizuri, na hapo hapo nailoni ikakatika, samaki akaanguka miguuni pake.

"Haya," alisema Biseko, na pangaboi lilikuwa safi. "Nani alimvua?"

"Mimi," alisema Mafuru. "Dagaa wa kweli aliwakataa, akamkubali wa kwangu."

"Mimi," alisema Kaitira. "Tazama viganja hivi."

"Mimi," alisema Nyangeta. "Ingekuwa ile nene asingekula, ingekuwa ile nyembamba asingefika."

Biseko akavuta kamba ya injini, ikanguruma. Upepo ulikuwa umetulia, na majani yalianza kurudiana taratibu. Wanaume wale wawili wakatazamana. Wakamgeukia Nyangeta, na Mafuru akasema kwa sauti ya chini, "Mama Nyabise, wewe hukosei. Umechagua uzi, chagua na mtu. Utakayemtaja, sisi tutanyamaza."

Nyangeta aliona afadhali wangemtukana. Akijitaja, atamwachaje mtoto wa watu na viganja vile? Na baba wa wachanga wawili? Akimtaja mwingine, nani atamshika Nyabise mkono? Nailoni aliweza kuipima kwa meno. Hili hakujua alipime kwa kitu gani.

Nami nimemwacha hapo, mguu mmoja juu ya jiwe, injini inanguruma, njia inazibika. Hatatoka mpaka ninyi mseme. Sangara yule alivuliwa na nani, na nani apande? Wewe unayecheka hapo nyuma, anza wewe, na useme upesi, majani hayakungoji.