Dari ya Mishi na Kanzu ya Bwana Badi

Dari ya chumba cha Mishi ilikuwa imevimba kwa maji, juu kabisa ya kitanda cha mama yake mgonjwa. Bwana Badi, mwenye nyumba aliyekaa ghorofa ya juu, aliitazama akacheka mbele ya majirani.

"Huo mvuke wa masufuria yako. Bafu langu halivuji hata tone. Tengeneza mwenyewe, au hama!"

"Na yakiwa ni maji yako, Baba?"

"Nitakuwekea dari mpya chumba kizima! Hawa mashahidi."

Mishi akamwomba radhi kwa kumsumbua. Alhamisi akampandishia pakiti ya bluu ya kufulia.

"Kesho Ijumaa, Baba. Ukiisuuza kanzu kwa hii, msikitini watakutazama wewe tu."

Baada ya swala, Bwana Badi alishuka kanzu ikimeremeta. Mishi akamkaribisha kahawa mle chumbani, yeye na majirani wale wale, akamketisha ukingoni mwa kitanda cha mama.

"Mashaallah, imetakata!"

"Bluu yako hiyo, mwanangu. Niliitia yote kwenye beseni, maji nikayamwaga mle mle bafuni."

"Naona," Mishi akasema, macho juu.

Wote wakatazama darini. Tone la bluu likaning'inia kidogo, kisha likamdondokea Bwana Badi begani.