Fisi Msimamizi wa Kisima

Mwaka ule mvua ilikataa kabisa. Mto ukabaki mchanga mtupu, na Simba, mfalme wa pori, akaamuru kisima kichimbwe. Akamweka Fisi kuwa msimamizi, kwa kuwa Fisi alijua kusema "ndiyo, mheshimiwa" kabla hajaulizwa.

Fisi hakugusa jembe. Alikaa kivulini akinywa uji wa wachimbaji na kupiga kelele. "Asiyekuja kazini hanywi maji! Sitaki kusikia habari za homa wala mgongo!"

Basi Nyani akaanza kuumwa jino. Nguruwe akaumwa tumbo. Wengine waliugua wakisikia tu sauti ya Fisi. Shimo likabaki fupi, la kutosha kuzikia panya.

Punda alikuwa na mtoto mchanga, na kwa kiu maziwa yalikuwa yanamkauka. Akamwendea Fisi.

"Bwana msimamizi, mtoto amelegea. Niruhusu mchana nikamnyonyeshe."

"Kwani nilikutuma uzae? Shika jembe!"

Kesho yake Punda hakuja. Fisi akakimbilia kwa Simba. "Mheshimiwa, wavivu hawa! Njoo kesho jioni uwaone watoro kwa macho yako."

Sungura alisikia. Akamfuata Fisi njiani.

"Bosi, pole na kazi. Punda hajatoroka, amefiwa na shangazi yake ng'ambo ya kilima. Kesho sote tunakwenda. Masufuria ya nyama hayahesabiki, na desturi unaijua: msimamizi wa mfiwa hupakuliwa wa kwanza."

Fisi akameza mate. "Mimi si katili, Sungura. Lazima nikatoe pole." Hakujiuliza tangu lini punda wanakula nyama.

Alfajiri akaondoka. Sungura akapika uji, akawaita wenzake, kila mmoja akashiba. Mtoto wa Punda akalazwa pale kivulini pa Fisi. Akilia, mama anamnyonyesha, kisha anarudi kuchimba bila kuitwa. Hata Nyani alichimba, jino limenyamaza. Jua lilipoanza kushuka, tope likawa maji.

Simba akafika. "Mbona wote wapo? Mtoro ni nani?"

Mara Fisi akatokea, amejaa vumbi, ulimi nje. Alikuwa amezunguka kilima kizima akinusa kila moshi.

"Ulikuwa wapi?" Simba akamuuliza.

"Msibani, mheshimiwa. Shangazi yake Punda amefariki."

"Baba yangu hakuwa na dada," alisema Punda.

Wanyama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fisi akainamia maji, lakini Simba akaweka mguu mbele yake.

"Sheria yako inasemaje? Asiyekuja kazini?"

Nguruwe akamsaidia: "Hanywi maji!"

"Jamani, nitakufa kwa kiu! Nilikwenda kwenye msiba!"

Punda akamsukumia jembe miguuni.

"Kwani nani alikutuma uende msibani? Shika jembe, uchimbe kisima cha kwako."

Tangu siku ile msimamizi ni Sungura, na Nyani hajaumwa jino tena.