Lori Langoni

Spesioza, dereva wa lori, alikuwa Mrundi aliyeolewa mjini kwetu. Leseni yake ilipokwisha, alikwenda ofisini na karatasi zake zote, kibali cha kuishi kikiwemo. Mkuu wa ofisi, Bwana Shemweta, hakuzitazama hata kidogo.

"Wewe ni mgeni. Rudi kwenu ukalete barua."

"Si nilishaileta, mzee?"

"Kalete nyingine! Na nikikuona unaendesha bila leseni, nitakuweka ndani."

"Nimesikia, mzee."

Spesioza akakaa kwenye benchi, ametulia tuli.

Adhuhuri Bwana Shemweta alitoka mbio kwenda kumwozesha binti yake. Akakuta lori limeziba lango, na gari lake limefungiwa ndani.

"Lori la nani hili?"

"Langu, mzee."

"Liondoe upesi! Bwana harusi ananingoja!"

"Sina leseni, mzee. Utaniweka ndani."

"Basi lete ufunguo, niliondoe mwenyewe."

"Leseni yako ni ya gari dogo, mzee, na watu wote hawa wanatutazama."

Waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Simu ikaita, mkewe alikuwa anafoka. Bwana Shemweta akarudi ndani, akazisoma zile karatasi, akaona hazina kasoro, akampa leseni mpya.

Spesioza akapanda, akawasha lori.

"Hebu ngoja," Bwana Shemweta akamwuliza dirishani. "Hukuwa na leseni. Nani alilileta hapa?"

"Mume wangu, mzee. Ya kwake haijaisha. Yuko pale mgahawani, anamalizia chai."