Mawe ya Jabalini, Matofali ya Mbugani

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wako mkuukuu ndio unaokulaza kila usiku. Msala wa mpita njia huondoka naye. Waumini wa kijiji cha Migato walikuwa na methali hiyo midomoni tu, hadi masika yalipowafundisha.

Kanisa lao la mawe lilisimama juu ya jabali tangu karne iliyopita. Wazee walilijenga kwa nyimbo na jasho, likashuhudia njaa, uhuru na arusi zisizohesabika. Paa lilibadilishwa, kuta zikabaki zile zile. Bibi Milembe, enzi za usichana wake, alibeba mawe kichwani kulijenga. Sasa pumzi zake zilikuwa za kuazima, na mjukuu wake Felisita alikuwa na ombi moja tu: mwanawe Joakim abatizwe humo, mikononi mwa bibi huyo.

Lakini mwenyekiti wa ujenzi, Sylvester, alikuwa na haraka kama aliyekanyaga siafu. Kanisa jipya la matofali lilikwisha kupanda bondeni, kando ya lami, jeupe kama yai. La zamani livunjwe, mawe yakajenge uzio.

"Kule ni mbugani, baba, kwenye udongo mweusi," Bibi Milembe alisema kikaoni. "Ni kwa mpunga na vyura."

"Mayu," Sylvester akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma, "hata Mungu anapenda lami!"

Watu wakaangua kicheko. Felisita akasimama, mtoto mgongoni.

"Baba Sylvester, jipya silikatai. Ila mkivunja leo, bibi yangu atampokea wapi huyu? Tusubiri Pasaka, tubatize kwanza."

Sylvester akamtazama kikongwe yule, akalainika. "Haya. Pasaka, basi."

Masika yakaja kwa kishindo. Udongo mweusi ukanywa maji, ukaumuka kama unga wa maandazi. Kuta za kanisa jipya zikapasuka, na Ijumaa Kuu ukuta wa madhabahu ukalala kifudifudi. Heri hapakuwa na mtu ndani.

Kesho yake Sylvester alipanda jabalini, viatu vizito kwa tope, akasimama mlangoni.

"Mayu, vyura wameshinda."

Bibi hakumcheka. "Ingia, baba, unalowa."

Siku ya Pasaka mvua ilipiga bati mpaka padre akapaza sauti. Joakim alipiga yowe maji yalipomgusa, bibi akamkumbatia huku akitabasamu kwa ufizi mtupu, na Felisita akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Aliyeitikia "Amina" kwa sauti kuliko wote alikuwa Sylvester, mgongo wake ukiegemea ukuta aliotaka kuuvunja.

Naam, usiache mbachao kwa msala upitao.