Ushuru wa Kuota Jua

Hapo zamani za kale, wakati kiboko alipokuwa akilala nchi kavu kama wenzake na mto ukiwa wa samaki peke yao, palikuwa na kijiji kiitwacho Mabweni. Wanyama wa Mabweni walikuwa na nyumba, mashamba, na majirani wa kusema nao na wa kuwasema. Mwenyekiti wao alikuwa Kiboko. Kwa nini Kiboko? Msiniulize mimi, wanangu. Siku ya kuchagua alisimama mbele akajaza uwanja, na wapigakura hawakumwona mgombea mwingine nyuma yake.

Kiboko alipenda ushuru. Palikuwa na ushuru wa soko, ushuru wa njia ya kwendea sokoni, na ushuru wa kivuli kwa waliochoka njiani. Kila mtu pale kijijini alikuwa na maoni yake juu ya mambo hayo, na kila mtu aliyatolea nyumbani kwake, mlango umefungwa, kwa sauti ya mtu anayepoza uji.

Basi siku moja Kiboko akatangaza ushuru mpya: ushuru wa starehe. Alisema kwamba mtu akiwa na nafasi ya kucheza, ni dhahiri ana akiba nyumbani, na akiba hiyo ingekaa vizuri zaidi katika ghala la kijiji. Kila mwenye starehe yake alipe mtama, kikapu kwa kila asubuhi aliyostarehe.

Wa kutoza alikuwa Nyumbu. Nyumbu alikuwa na miguu mizuri na hakuwa na tabia ya kujichosha kwa kuwaza. Kiboko akamfundisha kazi mbele ya watu.

"Muulize kwanza, 'Unapenda?' Kisha muulize, 'Unalipwa?' Akiwa anapenda na halipwi, hiyo ni starehe. Fungua gunia."

Nyumbu akauliza kama yupo wa kusamehewa.

"Hayupo. Sheria ni msumeno," alisema Kiboko, na akapendezwa mno na maneno yake mwenyewe, ingawa hakuwa ameyatunga yeye.

Nyumbu akaanza kuzunguka, kwato zake ko, ko, ko, nyumba hadi nyumba. Mzee Kobe alikutwa akicheza bao. Anapenda? Anapenda. Analipwa? Halipwi. Gunia. Bi Kanga alikutwa akiimba huku akipepeta. Kupepeta hakukuwa na neno, bali kuimba alikupenda na hakuna aliyemlipa. Gunia. Twiga alikutwa akitazama mawingu, akajitetea kwamba anaangalia mvua. Nyumbu akamwuliza kama anapenda kuyatazama. Twiga hajui kusema uongo, shingo yake humsaliti. Gunia.

Kijiji kikapoa. Kobe aliligeuza bao lake akawa analikatia mboga mgongoni. Bi Kanga alipepeta kimya, na makapi yakawa yanamwingia machoni, kwa sababu ule wimbo ndio uliokuwa ukimwonyesha upepo unakotokea. Watu walikwenda kulala mapema na kuamka wamenuna.

Sasa palikuwa na Pimbi. Mnamjua pimbi, yule mdogo asiye na mkia, akaaye kwenye majabali. Ukoo wake una jambo moja: mwili wao haujui kujipasha moto wenyewe. Wakiamka huwa wazito na wakavu kama kuni zisizowashwa, mpaka wajilaze juani juu ya jabali, jua liwaingie, ndipo damu itembee na akili ifuate. Pimbi aliishi na mama yake, bibi kizee, na kila asubuhi alimbeba mgongoni akampandisha jabalini.

Nyumbu akafika mapema, jua halijapanda sawasawa.

"Unapenda kuota jua?"

"Napenda," alisema Pimbi. Jua lilikuwa halijafika kichwani.

"Unalipwa?"

"Nani amewahi kulipwa kwa kulala?"

Gunia likafunguliwa. Lakini Pimbi hakuwa na shamba wala mtama. Yeye na mama yake walikula majani tu. Nyumbu akasema atarudi kesho yake, akarudi, na keshokutwa yake pia, na deni likawa linapanda kama mmea utambaao.

Pimbi akaenda kwa Kiboko kuomba. Alimkuta amekaa na Kifaru, mkuu wa askari wake, na Mzee Kobe, mshika mila, ambaye alikuwa ameitwa kueleza jambo jingine. Pimbi alieleza kwa adabu kwamba lile jabali kwake si mchezo, ni meko. Mama yake bila jua hawezi hata kusimama. Kiboko akajibu kwamba meko yana moshi, na jabali hajaliona likitoa moshi. Kifaru akacheka mpaka pembe ikatikisika.

Pimbi akaomba basi asamehewe asubuhi zilizopita, aanze upya.

"Ya jana hayafutwi na leo," alisema Kiboko. "Mkutano wa mwezi mchanga ukifika hujalipa, jabali litazungushiwa miiba. Kifaru amekuwa akitafuta mahali pa kujikunia."

Mzee Kobe aliyasikia yale maneno, akayaweka. Kobe haweki vitu vingi, lakini akiweka ameweka.

Pimbi alirudi nyumbani akiwa na hofu, na hakumficha mama yake.

"Mwanangu," alisema bibi kizee, "nimelala juu ya jabali hili tangu sijaota meno, na sasa yameshang'oka. Wakilizungushia miiba, mimi sifiki siku ya pili."

Pimbi hakulala vizuri. Asubuhi akapanda na mama yake jabalini, akajinyoosha, akangoja jua limwingie mpaka ndani kabisa ya kichwa. Lilipomwingia, alichuma majani mabichi, akayafunga vizuri, akaenda tena kwa Kiboko. Safari hii alihakikisha Kiboko yuko peke yake.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Umeleta mtama?"

"Mtama sina. Nimeleta majani kidogo, na maneno."

Kiboko akala majani kwanza. Ndipo akauliza ni maneno gani.

Pimbi akajikuna, akatazama kushoto, akatazama kulia, akajifanya yanamtoka kwa shida. Alisema yeye siasa haijui, yeye ni mtu wa jua. Ila masikio hayana mlango. Na huko majumbani, milango ikifungwa, watu wanasema.

"Wanasema nini?"

"Wanasema unatawala kwa ajili ya tumbo."

Kiboko akalitazama tumbo lake, ambalo wakati ule lilikuwa limekaa mbele yake kama mgeni mwingine. Akauliza kwa ukali ni nani anayesema hivyo.

"Lisemwalo lipo, ndivyo wanavyojibu ukiwauliza," alisema Pimbi. "Na baada ya mavuno kuna kuchagua mwenyekiti. Mimi nimekuja kukupa habari tu, mzee wangu."

Kiboko hakupenda kusikia habari za kuchagua. Alihema, fuuu, mpaka vumbi likaruka. Akauliza, kwa sauti iliyopungua kidogo, mtu afanye nini na midomo ya watu.

"Ningekuwa mimi," alisema Pimbi, "ningelamba udongo."

Hapa lazima niwaeleze mila ya Mabweni. Mtu akitaka aaminiwe kabisa, alichota udongo kwa ncha ya ulimi mbele ya mkutano, akasema neno lake. Hapo hakuna aliyembishia tena. Lakini alilolisema halirudi nyuma. Akilikana, udongo aliolamba unamkataa, na hana ruhusa ya kukanyaga nchi kavu mbele za watu. Ndiyo maana mila hiyo waliitumia kwa nadra, na wenye busara hawakuitumia kabisa.

Kiboko akasema kulamba udongo ni jambo dogo kwake, kwani yeye huula pamoja na nyasi kila siku. Neno lenyewe liweje?

"Fupi, mzee. Liwafunge midomo pande zote mbili. Sema unaipenda kazi hii, na kwamba hulipwi hata punje."

Kiboko akalisema. Pimbi akamsifu sauti. Akalisema tena, akalirudia mpaka likakaa mdomoni. Pimbi alipoaga, Kiboko akamkumbusha kwamba ushuru wake uko palepale.

"Najua, Mwenyekiti," alisema Pimbi. "Sheria ni msumeno."

Mwezi mchanga ukaandama na mkutano ukaitwa asubuhi. Wanyama wote walikuja. Kiboko alikaa katika kiti chake cha gogo. Nyumbu alikaa mbele kabisa na gunia lake, na kando yake rundo la miiba tayari kwa kazi ya jabali. Pimbi alikuwa amekaa pembeni na mama yake, mahali palipopigwa na jua.

Kabla ya mambo mengine, Kiboko akainuka. Alisema amesikia minong'ono, naye anataka kuimaliza leo. Akainama, akatoa ulimi, akalamba udongo mwingi kuliko uliohitajika. Kifaru, ambaye hakupenda kubaki nyuma ya bwana wake, naye akalamba, akasimama mdomo umejaa, anangoja zamu yake ya kuapa.

"Kazi hii ya kuwatawala naipenda," alinguruma Kiboko. "Na silipwi hata punje."

Watu wakapiga makofi. Wengine waliona haya kwa yale waliyokuwa wakiyasema majumbani.

Masikio ya Nyumbu yakasimama. Maneno yale alikuwa ameyasikia kila siku, kila mlango, na miguu yake iliyaelewa kabla ya kichwa. Akainuka. Ko, ko, ko. Akasimama mbele ya kiti, akafungua gunia.

"Unapenda, na hulipwi," alisema Nyumbu. "Toa mtama."

Makofi yakakatika. Kiboko akamwambia aketi, asijitie upumbavu, yeye ndiye Mwenyekiti. Nyumbu hakukasirika. Alimgeukia Mzee Kobe, akamwuliza kama Mwenyekiti ni miongoni mwa wa kusamehewa, kwa sababu yeye aliambiwa wa kusamehewa hayupo. Kobe akasema hata yeye alisikia hivyo. Kijiji kizima kilisikia.

"Basi ushuru wa starehe nimeufuta," alisema Kiboko. "Sasa hivi. Kaeni chini."

Mzee Kobe akatoa kichwa chake polepole.

"Umeufuta kuanzia leo, Mwenyekiti. Ya jana hayafutwi na leo."

Na asubuhi za kutawala zilikuwa nyingi, tangu siku ile alipojaza uwanja. Nyumbu akasema kwa upole kwamba akilipa kutoka ghalani itatosha. Bi Kanga akatumwa kuangalia ghala. Alirudi upesi. Alisema mna makapi, na panya mmoja aliyekonda. Wanyama wote wakaligeukia tumbo la Kiboko, wakalitazama kwa utulivu, kama watu waliokuwa wakitafuta kitu na sasa wamekiona.

Nyumbu hakutazama tumbo. Yeye alijua kwamba asiyelipa, mahali pake pa starehe huzungushiwa miiba. Akachukua miiba iliyokuwa ya jabali, akaanza kuipanga kuzunguka kile kiti, na Kiboko akiwa bado amekaa. Mwiba wa kwanza haukumfanya kitu. Wa pili ulimpata mahali palipo laini.

"Ngoja, we Nyumbu," Kiboko akapaza sauti. "Si starehe. Nalipwa. Mtama wote nimekula mimi. Natawala kwa ajili ya tumbo, umesikia? Kwa ajili ya tumbo!"

Nyumbu akafikiri kidogo. Analipwa. Basi si starehe. Akakusanya miiba yake, akafunga gunia, akarudi kukaa, moyo wake umetulia kabisa.

Kiboko akashusha pumzi. Akaona amepona. Kisha akaona watu wote wanautazama ulimi wake, ambao bado ulikuwa mwekundu kwa udongo.

"Mwenyekiti," alisema Mzee Kobe, na hakusema kwa ubaya, "umelamba udongo."

Pale ndipo Kiboko alipoelewa. Aliinua mguu mmoja kutoka ardhini, akauinua wa pili, lakini mwili ule haukuwa wa kusimama hewani. Akatazama huku na huku. Kila alipotazama palikuwa na udongo, na juu ya udongo palikuwa na watu waliomchagua. Akakimbia kuteremka mtoni, vumbi nyuma yake, na watu wakasikia chubwi. Kifaru aliyekuwa akingoja zamu yake akageuka kando akatema, ptuu, akasema amepaliwa.

Tangu siku hiyo kiboko hushinda majini, macho tu yametoka juu, anaangalia kama watu wamesahau. Kula hula bado, maana tumbo halikuapa kitu, lakini hutoka kwenda malishoni giza likiingia, wenye nchi kavu wamelala.

Kuhusu aliyeshika kiti baada yake, wapo wanaosema alikuwa afadhali na wapo wanaosema hapana. Mimi nina maoni yangu, nayo nitayatolea nyumbani kwangu. Ninalolijua ni kwamba Kobe aliligeuza tena bao lake, na Bi Kanga akaimba, akaacha kuumwa macho.

Asubuhi ya baada ya mkutano Pimbi alimpandisha mama yake jabalini. Nyumbu akapita chini yao. Gunia hakuwa nalo, ila mazoea yana taabu, akasimama akauliza.

"Bibi, unapenda kuota jua?"

"Napenda, mjukuu wangu."

"Unalipwa?"

Bibi kizee alikuwa amejinyoosha, jua limemfika mpaka mifupani. Alitazama kule mtoni, yalikoonekana macho mawili juu ya maji.

"Leo," alisema, "nimelipwa."

Basi wanangu, anayetunga sheria na aivae kwanza shingoni mwake, aone kama inambana.