Jiwe Haliingii Chunguni

Jiwe haliingii chunguni. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mkwewe leo, nanyi mnaniuliza jiwe na chungu vinahusianaje. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, upande wa Tanga, palikuwa na mpasua mawe aliyeitwa Mhina, na mkewe Mwanakombo. Mhina alikata mawe ya matumbawe machimboni, watu wengine wakajengea nyumba. Yeye mwenyewe alikaa katika kibanda cha udongo, kwenye kiwanja ambacho Mwanakombo aliachiwa na mama yake.

Walikuwa watu wa kujaribu. Walinunua kibubu, wakawa wanatumbukiza akiba kidogo kila Mhina alipolipwa. Lakini mtoto akiugua, kibubu kinavunjwa. Kukiwa na msiba, kinavunjwa. Unga ukiisha kabla ya siku ya malipo, kinavunjwa. Mwanakombo alikuwa akisema kibubu chao kina bahati mbaya, hakijapata kuzeeka.

Siku moja Mhina alirudi kutoka kazini akakisogeza chakula pembeni. Mkewe akamuuliza ana nini.

"Nimemwona Mzee Pazi," akasema. "Yeye ndiye aliyenifundisha kushika nyundo. Sasa mikono yake haishiki kitu. Anakaa mlangoni pa machimbo, anatungoja tutoke, tumpe chochote."

Mwanakombo akamrudishia chakula mbele yake. Alimjua mumewe, aliona kwamba hakuwa anamlilia Pazi peke yake.

"Hayo mawe yanayokatika kombo," akauliza, "mnayafanya nini?"

"Yanatupwa."

"Basi mwombe msimamizi akuruhusu uyachukue. Uwe unaniletea moja moja."

Msimamizi hakuona tabu. Tangu hapo Mhina kila jioni alirudi na jiwe begani, akaliweka nyuma ya kibanda. Majirani walipopita waliuliza kama yale mawe yanataga. Mwanakombo alicheka nao, akaendelea kuyapanga. Miaka ikapita, lundo likapanda hadi kuufikia ukingo wa paa.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Ujenzi ukasimama, na machimbo yakafungwa. Watoto wakalala na uji wa chumvi, nao mwepesi kama maji. Katika hali hiyo akatokea mfanyabiashara mwenye lori, aliyekuwa akitafuta mawe ya kujazia msingi wa ghala. Aliliona lile lundo, akasema atarudi kesho kulichukua lote.

Mhina alimwendea mkewe jikoni. Alikuwa analia.

"Watoto wana njaa, na sisi tumekaa juu ya lundo. Jiwe haliingii chunguni, Mwanakombo."

"Najua haliingii," akasema mkewe. "Ndiyo maana bado lipo. Kila kilichoweza kuingia chunguni tumekwisha kukila."

"Tukiliuza tutapata unga."

"Tutapata. Na unga utakwisha, mume wangu. Njaa hii itapita mvua zikinyesha. Ila uzee ukishaingia hautoki, na nyumba ya kupangisha ndiyo itakayotulisha."

"Na watoto?"

Hapo Mwanakombo aliinamisha kichwa. "Nitawapeleka kwa dada yangu kule Muheza. Huko bado wana mihogo. Nitamwomba, ingawa sipendi kuomba."

Alfajiri aliondoka na watoto. Mhina akabaki na kibanda kitupu, na mwenye lori alipokuja akamwambia mawe hayauzwi. Aliniambia mwenyewe, hakupata kutamka neno zito kuliko hilo. Aliwakumbuka wanawe kila jioni, na siku nyingine alimkasirikia mkewe moyoni.

Mvua zilinyesha, watoto wakarudi, yule mdogo amenenepa kuliko alivyoondoka. Machimbo yakafunguliwa. Baada ya mavuno Mhina aliwaita wenzake wa machimboni, watu ambao naye alikuwa amewasaidia miaka yote, wakafanya msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Mawe yalikuwapo, udongo ulikuwapo, chokaa walichoma wenyewe. Bila mikono ya wenzao lile lundo lingebaki lundo. Mwanakombo hakuchoka kulisema hilo. Ikasimama nyumba ya vyumba vitatu. Wakakaa kimoja, viwili wakapangisha.

Bega la Mhina lilipokataa mzigo, hakwenda kukaa mlangoni pa machimbo. Hawakuwa matajiri. Kulikuwa na siku za chai kavu. Lakini kodi ilinunua unga, na alikula ugali wake akiwa kwake, mkewe kando.

Vijana wakimuuliza mpasua mawe alipataje vyumba vya kupangisha, alicheka, akasema, "Jiwe haliingii chunguni."

Na Mwanakombo, akimmiminia chai, alimrekebisha: "Leo unasema ukicheka. Siku ile ulisema ukilia."

"Nililia," Mhina akakubali, akapokea kikombe. "Lakini ndivyo lilivyo. Jiwe haliingii chunguni."